Umri wa Lava katika Mashamba ya Zabibu ya Etna

Sisi tunaofanya kazi ya kilimo chini ya mlima Muhabura, hapa Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, tumezoea kusema kwamba udongo wa volkano una rutuba, na tukishasema hivyo huwa hatuendelei kuuliza. Kauli hiyo ni ya kweli kwa kiasi, lakini inaficha swali ambalo mkulima angepaswa kulijua kabla ya kutia jembe ardhini: volkano hiyo ilimwaga lini? Lava iliyopoa miaka 40 iliyopita haimlishi hata mbuzi. Lava iliyopoa miaka elfu kadhaa iliyopita inaweza kulisha kijiji kizima, na ile iliyopoa mamilioni ya miaka iliyopita huwa imekwisha kugeuka kuwa mfinyanzi mwekundu wenye tabia nyingine kabisa. Mahali nilipoliona jambo hili waziwazi kuliko kwingine kote ni mlima Etna, katika kisiwa cha Sicilia, kusini mwa Italia, ambako zao linalotawala miteremko ya katikati ni zabibu za divai, na ambako wakulima hujua ni lava ya zama zipi iliyolala chini ya mizabibu yao.

Mimi si mwonjaji wa divai kwa taaluma. Kazi yangu ni udongo, na muda wangu mwingi hupita pamoja na wakulima wa viazi na maharagwe wa Nyarusiza na Muramba, ambao hulima katikati ya mawe meusi tunayoyaita amakoro. Nilikwenda Etna na maofisa kilimo wenzangu ili kujifunza habari za matuta na kuta za mawe, tukafika mwezi wa Oktoba, mavuno yakiwa bado yanaendelea, ilhali sehemu nyingi za Italia zilikuwa zimekwisha kuchuma. Niliyoyaona huko yamebadili namna ninavyoyatazama mashamba ya nyumbani, na kwa sababu hiyo nataka kuieleza Etna yenyewe kwanza, kwa utaratibu.

Etna ndiyo volkano hai iliyo ndefu kuliko zote Ulaya. Kilele chake kinapita mita 3,300, na kipimo hicho hubadilika mara kwa mara kwa sababu matundu ya juu hujengeka na kubomoka. Historia yake ilianza takriban miaka 500,000 iliyopita, tena chini ya bahari: pale Aci Castello, kwenye pwani iliyo karibu na mji wa Catania, ngome ya kale imesimama juu ya lava yenye maumbo ya mviringo yaliyobanana, maumbo ambayo hutokea pale tu lava inapomwagika ndani ya maji na kuganda upesi kwa nje. Chini ya mlima, kwa hiyo, kuna mashapo ya bahari, hasa mfinyanzi, ambayo hayapitishi maji kwa urahisi. Juu ya mfinyanzi huo zimelundikana lava za nyakati mbalimbali, nyingine juu ya nyingine na nyingine kando ya nyingine, zikiwa zimechanganyika na majivu, changarawe na mawe mepesi yenye matundu yaliyorushwa angani na kuanguka.

Mpangilio huo ndio unaoamua maji yaende wapi, nami nasisitiza habari ya maji kwa kuwa ndiyo kiini cha yote yanayofuata. Mvua na theluji ya Etna havikai juu ya ardhi. Maji hupenya katika nyufa na mabonge ya lava, hushuka mpaka yaukute mfinyanzi, kisha husafiri chini kwa chini na kutokeza kama chemchemi katika bonde la mto Alcantara au karibu na pwani. Ndiyo maana mlima mkubwa kiasi hicho una mito michache sana. Msomaji wa Kisoro hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu nasi tunaishi penye mvua ya kutosha na mito haba. Akina mama wa Muramba hubeba madumu kutoka mbali ilhali mvua ilinyesha jana, na chemchemi ya Chuho iliyo karibu na mji wetu hutoa maji yaliyokwisha kupita katika mawe ya volkano.

Lava nyingi za Etna ni za jamii ya basalti, zenye chuma na magnesi kwa wingi. Zikishuka mlimani hutembea polepole huku ngozi yake ya juu ikivunjikavunjika, na mtiririko mmoja ukipoa huwa na sehemu tatu. Juu na chini huwa na mabonge yenye ncha kali. Katikati huwa na jiwe zito, gumu, lililopasuka nyufa za wima kwa sababu ya kupoa. Mkulima huliangalia hasa lile tabaka la juu la mabonge, maana humo ndimo majivu na vumbi hunaswa na humo ndimo mizizi huingia. Mzabibu ukipata ufa katika jiwe la katikati, mizizi yake hushuka mbali sana ukitafuta unyevu. Ukikosa ufa, hubaki umekaa juu ya sakafu ya jiwe, na kiangazi cha Sicilia, ambacho huweza kupita na mvua kidogo mno, huufikia mapema.

Sasa nije kwenye umri. Mnamo Machi 1981 mlima ulipasuka upande wa kaskazini, na katika siku chache lava ilishuka kando ya mji wa Randazzo, ikazika mashamba ya mizabibu, ikakata barabara na reli, ikafika hadi kwenye mto Alcantara. Nimetembea juu ya lava hiyo. Baada ya zaidi ya miaka 40 bado ni nyeusi na yenye makali, na kiatu chenye soli nyembamba hakifai kabisa. Lakini ukiinama na kulitazama jiwe kwa karibu, utaona mipako ya kijivu, migumu kidogo, yenye vishina vidogo visivyofikia urefu wa kucha. Hiyo ni laikeni, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, hasa ile ambayo wataalamu huiita Stereocaulon vesuvianum, inayotangulia karibu viumbe vyote vingine. Haihitaji udongo. Hutoa asidi hafifu inayolegeza uso wa jiwe, hunasa vumbi, na inapokufa huacha chembe za kwanza za mboji. Nilikwaruza kidogo kwa ukucha, na chini yake jiwe lilikuwa limeacha kung'aa, limekuwa la rangi ya kahawia isiyozidi unene wa karatasi. Huo unene wa karatasi ndio udongo wote uliopatikana kwa miongo minne.

Walio na ndugu Goma wanaweza kulifahamu jambo hili bila kwenda Ulaya. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 imo mjini humo, na ile ya 2021 iliishia pembezoni mwa mji, na yeyote aliyezitazama anajua kwamba watu wamejenga juu yake, wala si kulima.

Baada ya laikeni hufika nyasi na mimea midogo katika mianya, kisha huja kichaka cha maua ya njano ambacho wenyeji hukiita ginestra. Hicho ni cha jamii ya kunde, na umuhimu wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Lava mbichi ina potasiamu, kalisi, magnesi, chuma na fosforasi ndani ya madini yake, lakini haina nitrojeni ya kulisha mmea. Nitrojeni lazima itoke hewani, na ginestra, kwa msaada wa bakteria wa mizizini, huileta. Wakulima wa Etna walijifunza pia kuharakisha kazi hiyo kwa kupanda mpungate katika mianya ya lava, maana mizizi yake hupasua mawe na mabua yake yakioza huacha mboji. Upande wa magharibi, pale Bronte, hupandwa miti ya pistachio katika mawe ambayo mzabibu usingeyapenda.

Lava za kati ya 1614 na 1624, ambazo zilimwagika upande wa kaskazini kwa miaka kumi mfululizo, zimepata karne nne za kazi hiyo, na bado sehemu zake kubwa hazijawa ardhi ya kulima. Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa muda unaohitajika. Mizabibu mingi ya Etna imesimama juu ya lava za kale zaidi, zilizomwagika kabla ya kumbukumbu zilizoandikwa, na zilizopata bahati ya kutofunikwa tena tangu hapo. Lava mpya hufuata mabonde na huviacha vilima, kwa hiyo mara nyingi hubaki kisiwa cha ardhi ya zamani kilichozungukwa pande zote na mawe mapya. Wenyeji wana jina la kisiwa cha namna hiyo, dagala, na eneo lenyewe la lava isiyolimika huliita sciara. Mtu anaweza kusimama kwenye mpaka, mguu mmoja katika shamba la mizabibu mikongwe na mguu mwingine mahali pasipoota chochote cha kuliwa.

Tulichimbiwa shimo katika shamba moja la upande wa kaskazini, kwenye kimo cha mita 700 hivi, ili tuone tabaka. Juu kabisa palikuwa na changarawe nyeusi, nyepesi, inayoteleza mkononi, ambayo wenyeji huiita ripiddu. Hiyo huanguka kutoka angani mlima unapolipuka. Chini ya hapo palikuwa na udongo wa kahawia, laini mno, usio na mabonge. Nilichukua kiasi kidogo, nikausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwanzoni ulionekana mkavu, kisha ukalegea, ukawa na utelezi kama sabuni, na vidole vikalowa. Wataalamu wa udongo hulitafuta jambo hilo shambani kwa sababu linaonyesha kwamba kioo cha volkano, yaani sehemu ya lava iliyopoa kabla madini hayajapata muda wa kujipanga, kimekwisha kuoza na kutengeneza chembe ndogo sana zenye nafasi nyingi za kuhifadhi maji. Chini zaidi palikuwa na mabonge ya lava yenye kutu nyekundu. Katikati ya mabonge hayo, chini ya kina cha kiuno changu, nilikuta mzizi wa mzabibu mwembamba kuliko kalamu ukiingia ndani ya ufa, na hatukuona mwisho wake.

Niliutambua ule utelezi mara moja, kwa kuwa ni ule ule wa Nyarusiza. Udongo wa aina hii hushika maji vizuri, lakini una tabia moja ngumu: hushika fosforasi pia, na huishika kwa nguvu kiasi kwamba mmea hupata sehemu ndogo tu ya ile iliyowekwa. Mkulima wetu wa viazi anayemwaga mbolea ya DAP, yenye fosforasi na nitrojeni, na kuona matokeo hafifu mara nyingi hudhani ameuziwa mbolea bandia. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni udongo.

Hapa pana tofauti kubwa kati ya mkulima wa viazi na mkulima wa divai. Sisi tunataka mmea unenepe. Wao wanataka uzae kidogo. Mzabibu uliopandwa mahali penye maji na nitrojeni nyingi hukimbilia kutoa majani na matawi, zabibu zake huwa kubwa zenye maji mengi, na divai yake huwa nyepesi isiyo na la kueleza. Mzabibu ulio katika changarawe ya Etna hupata maji ya kutosha wakati wa machipuko, kisha, majira ya joto yanapoendelea, tabaka la juu hukauka, ukuaji wa matawi hupungua, na nguvu yote iliyobaki huelekezwa kwenye matunda. Tunda linabaki dogo. Kwa kuwa ukakasi na rangi vimo katika ganda, tunda dogo lenye ganda kubwa kwa uwiano hutoa divai yenye nguvu zaidi. Wakati huohuo udongo wa kahawia ulio chini huendelea kuachia unyevu kidogo kidogo, kwa hiyo mmea haufi wala majani hayakauki kabla ya Oktoba. Huo uwiano wa juu pakavu na chini penye unyevu ndio zawadi halisi ya volkano kwa Etna, na haupatikani katika lava changa mno wala katika udongo mzee mno.

Naomba nieleze jambo ambalo linanigusa kwa sababu ya taaluma yangu. Wauzaji wengi wa divai, na hata waandishi, hudai kwamba divai ya Etna ina ladha ya lava, kana kwamba mzizi hunyonya jiwe na kulipeleka ndani ya chupa. Sikubaliani na madai hayo. Basalti haina harufu, na katika maji huyeyuka kwa kiasi kidogo sana. Mizizi huchukua chembe za potasiamu, kalisi, magnesi na nyinginezo zikiwa zimeyeyuka katika maji ya udongo, na chembe hizo ni zile zile zinazopatikana katika udongo wa chokaa au wa mfinyanzi. Zikifika kwenye divai huwa chache mno kuonjeka zenyewe. Kinachofanywa na jiwe ni kingine. Jiwe hupanga kina cha mizizi, hupanga siku ambayo maji yatapungua, hupokea joto la mchana na kuliachia jioni, na kwa njia hiyo huamua lini tunda litaiva na litaiva likiwa na uchachu na ukakasi wa kiasi gani. Mwonjaji anapotambua tofauti kati ya chupa mbili, anachotambua ni matokeo ya maji na joto. Kwangu mimi maelezo hayo yana uzuri kuliko hadithi ya kulionja jiwe, kwa sababu yanaweza kupimwa shambani.

Nilionjeshwa divai mbili nyekundu za mvunaji mmoja, za mwaka mmoja, za zabibu ya aina moja, Nerello Mascalese, moja kutoka Calderara Sottana, ambako ardhi imejaa mawe meusi, na nyingine kutoka Feudo di Mezzo, ambako udongo ni wa mchanga ulio na kina. Ile ya kwanza ilikuwa na ukakasi uliokaza kinywa na kukaa muda mrefu. Ya pili ilikuwa laini, yenye harufu ya matunda mekundu, na ilinyweka mapema zaidi. Zote mbili zilikuwa na rangi hafifu, kama ilivyo kawaida ya Nerello Mascalese.

Mashamba ya Etna yamepangika kwa umbo la mwezi mwandamo, kuanzia Randazzo kaskazini, yakipitia mashariki, hadi kusini-magharibi kuelekea Biancavilla. Upande wa kaskazini, kati ya Randazzo, Passopisciaro, Solicchiata na Linguaglossa, ndio wenye jina kubwa kwa divai nyekundu. Milima ya Nebrodi na Peloritani iko ng'ambo ya bonde, usiku ni wa baridi, na lava hapo ni za mitiririko mingi iliyopishana. Upande wa mashariki hutazama bahari ya Ionia. Mawingu ya bahari hugonga mlima hapo, na mji wa Milo hupata mvua nyingi sana kuliko upande wa kaskazini, na pepo za juu huelekea zaidi upande huo na kubeba majivu na ripiddu. Katika mwaka 2021 Etna ililipuka zaidi ya mara 50, na miji ya mashariki ilifagia mchanga mweusi mara nyingi kutoka kwenye mapaa na barabara. Hayo ni mateso kwa wenyeji, lakini mashamba yao hupata tabaka jipya la madini mabichi. Zabibu nyeupe iitwayo Carricante hustahimili mvua hiyo na kuhifadhi uchachu mkali, na sheria inaruhusu jina la Etna Bianco Superiore kwa divai ya Milo pekee. Upande wa kusini una jua zaidi na vilima vingi vya volkano ndogo za pembeni. Magharibi hakuna mengi ya kusema kuhusu zabibu.

Etna ilipata cheo chake cha kisheria, yaani jina la divai linalolindwa na sheria, mwaka 1968, na divai nyekundu lazima iwe na angalau asilimia 80 ya Nerello Mascalese. Hata hivyo kwa muda mrefu zabibu zilichanganywa bila kujali zilikotoka. Giuseppe Benanti alianza mwaka 1988 kutafuta ubora wa zamani wa mlima huo, na baada ya 2000 wageni kama Andrea Franchetti na Marco de Grazia walianza kutenganisha divai kwa jina la kipande cha ardhi. Kipande hicho huitwa contrada, na zilizoorodheshwa rasmi ni zaidi ya 130. Naziheshimu contrada, lakini nina angalizo. Mipaka mingi ilitokana na umiliki wa mashamba ya zamani, na contrada moja yaweza kuwa imekalia lava za zama tofauti, changa na za kale, zenye kina tofauti cha udongo. Ramani ya jiolojia ya Etna iliyochapishwa mwaka 2011 kwa vipimo vya 1:50,000 inaonyesha mitiririko hiyo mmoja mmoja, na kwa maoni yangu anayetaka kuelewa shamba aanze na ramani hiyo kabla ya kusoma jina lililoandikwa kwenye chupa.

Mchanga wa volkano uliokoa pia kitu ambacho Ulaya ilikipoteza karibu kote. Karne ya 19 ilipokaribia mwisho, mdudu filoksera, mdogo kuliko chawa, alikula mizizi ya mizabibu ya bara zima, ikabidi mizabibu ya Ulaya ipandikizwe juu ya mashina ya Kimarekani yanayomstahimili. Mdudu huyo husafiri kupitia nyufa na mianya ya udongo wa mfinyanzi. Katika mchanga ulio huru mianya hiyo hufukiwa kila mara, naye hashindi. Ndiyo sababu baadhi ya mashamba ya Etna bado yana mizabibu ya zaidi ya miaka 100 iliyosimama juu ya mizizi yake yenyewe, ikiwa imekatwa iwe vichaka vifupi vilivyofungwa kwenye miti ya mkestinati kutoka misitu ya mlima huohuo.

Kila shamba kati ya hayo lilianza kwa kutoa mawe. Mawe yaliyotolewa yalijengwa kuta zisizo na saruji ili kushikilia matuta, na yaliyobaki yalirundikwa kuwa minara mipana ya ngazi iitwayo torrette. Ukuta usio na saruji ni uamuzi wa busara, kwa kuwa maji hupita kati ya mawe bila kuusukuma, na ufundi huo uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2018 kama urithi wa nchi kadhaa, Italia ikiwamo. Nilipoiona minara hiyo sikuweza kuongea kwa muda, kwa sababu kule Nyarusiza tuna marundo yayo hayo ya amakoro, na kuta zizo hizo kati ya shamba na shamba, zilizojengwa na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Sicilia. Ofisa mmoja kijana aliyekuwa nasi alisema ni upotevu wa ardhi. Mimi nasema bila marundo hayo pasingekuwapo ardhi.

Ili kuumaliza mfululizo wa umri nitataja mlima wetu mwingine, Elgon, ulioko mashariki mwa nchi. Hiyo nayo ni volkano, lakini ilianza zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na chini ya mvua na joto la kwetu lava na majivu yake vimeoza kabisa hadi kuwa udongo mwekundu wenye kina kirefu. Kahawa ya Bugisu huupenda udongo huo. Tatizo ni kwamba mfinyanzi mzito ukishiba maji kwenye mteremko mkali huachia, na Machi 2010 kijiji cha Nametsi, huko Bududa, kilifukiwa pamoja na watu wengi. Lava changa ya Etna humnyima mkulima chakula; udongo mzee wa Elgon humpa chakula na kumwekea hatari chini ya kitanda. Bufumbira yetu, yaani eneo hili la Kisoro, iko katikati, kama yalivyo mashamba mazuri ya Etna, isipokuwa kwetu mvua hunyesha misimu miwili na jiwe huoza upesi zaidi kuliko katika kiangazi kirefu cha Sicilia, kwa hiyo miaka ya lava ya huko na ya hapa haiwezi kulinganishwa moja kwa moja.

Tunao msingi wa kuanzia. Combe na Simmons walichapisha kazi yao juu ya jiolojia ya Bufumbira mwaka 1933, na lava za Muhabura, Mgahinga na Sabinyo zimo humo. Kinachokosekana ni kuiunganisha ramani ya mawe na kile mkulima anachokijua kwa jembe lake. Mzee mmoja wa Nyarusiza, nilipomwuliza kwa nini hapandi viazi upande wa pili wa njia, alinijibu, "Mwalimu, kule jembe linagonga mwamba kabla halijazama, nani akapoteze mbegu?" Tulipima. Upande ule jembe liligota kwenye sentimita 15, na upande wake tulichimba zaidi ya mita moja bila kukuta mwamba, ingawa njia iliyo katikati ni ya kupita mtu na mbuzi wake tu. Tumeanza kuandika, shamba kwa shamba, kina cha udongo, wingi wa amakoro, na kama udongo unalowesha vidole ukisuguliwa. Mvua za Machi zikianza tutapanda viazi vya aina moja katika mashamba yenye kina tofauti, kila shamba nusu yake ikiwa na DAP na nusu ikiwa na samadi, kisha tutapima mavuno kwa mizani ile ile.